Ngoma ikilia, mwenye ulemavu naye afike

Kila likizo na sikukuu zinapokaribia, pwani ya kusini hujaa shughuli za sanaa. Kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga utasikia sengenya, kayamba na taarab. Ukunda vijana hupanga maonyesho ya uchoraji na mashairi, shule za Msambweni hushindana kwa ngoma na maigizo, na ufuoni Diani majukwaa husimamishwa juu ya mchanga. Huenda wewe ni mwanakamati wa shughuli kama hiyo. Huenda pia wewe ni mgeni utakayetoka Mombasa au Nairobi pamoja na mama mzee anayetembelea mkongojo, au na mtoto asiyesikia. Makala ya wiki hii yanakuhusu.

Pengine utauliza: ukurasa wa afya una haja gani na ngoma? Haja ipo, tena kubwa. Mtu anayeshinda ndani mwaka mzima kwa sababu ya ulemavu hudhoofika mwili na moyo. Misuli isiyotumika hunywea, viungo hukakamaa, usingizi huharibika, na upweke huzaa ugonjwa wa huzuni ambao jamaa huudhania kuwa ni kiburi au uvivu. Aidha, siku hizi habari za chanjo, malaria na uzazi hutangazwa kwa nyimbo na michezo ya kuigiza. Asiyefika uwanjani hukosa burudani, na hukosa habari pia.

Jambo moja ningependa ulishike kabla hatujaendelea. Aghalabu kinachomzuia mwenye ulemavu kufika kwenye shughuli ni ngazi, mchanga, choo, jua na giza. Vyote hivi vinaweza kushughulikiwa kwa gharama ndogo, ikiwa vimefikiriwa kabla ya hema kusimamishwa. Vikikumbukwa asubuhi ya shughuli, huwa vimechelewa.

Wako wangapi?

Kamati nyingi husema, "Kwetu hakuna walemavu, hatujawahi kuwaona wakija." Bila shaka hawaonekani, kwa maana hawawezi kuingia.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu nchini Kenya kati ya wale wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani asilimia 2.2. Shirika la Afya Duniani, kwa kutumia kipimo kipana zaidi, lakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani ana ulemavu wa kiasi kikubwa. Tufanye hesabu. Ukitarajia watu 600, kwa kipimo cha sensa wangekuwapo watu 13 wenye ulemavu; kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani wangefika 100. Chukua hesabu unayoipenda, hakuna hata moja inayokupa sifuri.

Tena ulemavu una sura nyingi. Katika Kwale utamkuta mzee aliyepooza mguu kwa polio ya utotoni, mgema aliyeanguka kutoka mnazini akavunjika uti wa mgongo, kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, na mama aliyekatwa wake kwa ajili ya kisukari. Utawakuta wenye matende, ugonjwa unaoenezwa na mbu ambao umejulikana pwani hii kwa vizazi vingi, na ambao huvimbisha mguu hata kusimama muda mrefu kukawa adhabu. Wako viziwi, wasioona, wenye ualbino, wenye kifafa, na watoto wenye usonji. Kila mmoja ana kizuizi chake.

Anza na choo

Ukitaka kujua kama kamati imewafikiria wageni hawa, kakague choo kwanza. Choo cha shimo chenye mlango wa sentimita 60 na kizingiti kirefu hakimfai mtu aliye katika kiti cha magurudumu. Naye, akijua hivyo, huamua jambo moja la hatari: huacha kunywa maji tangu usiku wa jana.

Katika joto la pwani uamuzi huo una gharama. Mwili hukaukiwa, kichwa huuma, kizunguzungu huanza. Mkojo mzito unaokaa kibofuni muda mrefu huzalisha vijidudu, na siku mbili tatu baadaye mtu huyo yuko hospitalini kwa homa na maumivu. Wanawake huumia zaidi, kwa sababu hawana pa kujisitiri.

Kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni hatari ni kubwa zaidi. Kibofu kikijaa bila njia ya kukitoa mkojo, shinikizo la damu laweza kupanda ghafla. Dalili zake ni kichwa kugonga kwa nguvu, uso kuwa mwekundu au kujaa jasho, na moyo kwenda polepole. Ukimwona hivyo usimlaze. Mketishe wima, legeza mavazi yaliyombana, msaidie apate kutoa mkojo, na iwapo hali haitulii upesi apelekwe hospitali. Huo ni ugonjwa wa dharura ambao choo kimoja kizuri kingeuzuia.

Choo hicho si lazima kiwe cha fahari. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje. Ndani kuwe na nafasi ya sentimita 150 kwa 150 ili kiti kiweze kugeuka. Kuwe na mahali pa kukalia, vishikio viwili imara, maji, sabuni, na ndoano ya kutundikia mfuko, kwa sababu wengine hutumia mipira ya mkojo inayohitaji mikono safi. Fundi wa kijijini hulimaliza jambo hili kwa mbao na mabati. Kisha kamati isikigeuze kuwa stoo ya viti.

Mchanga, maji na mbao

Diani ina mchanga mweupe unaosifiwa duniani kote, lakini mchanga huo mkavu ndio adui mkubwa wa gurudumu na mkongojo. Magurudumu madogo ya mbele huzama, na anayesukuma huishia kuburuta. Mikongojo nayo hudidimia, mtu akaanguka.

Wenyeji wa pwani wanaijua dawa ya ardhi laini. Akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko, na wenzao wa Wasini wana ya kwao kwenye matumbawe. Ikiwa mbao zaweza kuwapitisha watalii juu ya matope, zaweza pia kumpitisha mzee wako kutoka barabarani hadi mbele ya jukwaa. Tandaza mbao zilizoungana vyema, upana wa sentimita 120 ukiwezekana, wala usipungue 90. Mikeka na majamvi matupu hayafai, kwa kuwa hujikunja chini ya gurudumu. Nyaya za vipaza sauti zisikatize njia hiyo. Zizikwe au zipitishwe juu.

Kamati ya ufuoni haina budi pia kuangalia majira ya maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na mahali palipokuwa pana asubuhi huwa pembamba jioni. Anayetembea kwa miguu hujikusanya na kupanda juu kwa dakika moja. Aliye kitini hawezi. Basi eneo lake liwe juu ya mstari wa maji, karibu na njia ya kutokea, wala asizungukwe na umati hata akashindwa kutoka pakitokea moto au ghasia.

Palipo na ngazi, weka mteremko wa mbao. Kanuni yake ni rahisi: kwa kila sentimita moja ya kupanda, weka sentimita 12 za urefu. Kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Ukiufanya mkali zaidi, kiti chaweza kupinduka nyuma.

Ziko sehemu ambazo hazifai kubadilishwa. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Mgeni huingia amejifunga kaniki nyeusi, akifuata njia ya mizizi na mawe. Hapo hatuwezi kumwaga saruji. Lakini wazee wanaweza kuombwa watoe simulizi na ngoma nje ya msitu, chini ya kivuli, ili wasioweza kuingia wasikie yale yale. Pale isipowezekana kumfikisha mtu kwenye sanaa, sanaa na imfuate.

Onyo moja: usimbebe mtu pamoja na kiti chake bila kumwuliza. Vijana wanne wenye nia njema wakiteleza, huyo aliyebebwa huvunjika nyonga, nao huumia migongo. Mwulize kama anataka kubebwa, na akuelekeze mahali pa kushika.

Jua, joto na kelele

Shughuli nyingi huanza saa nane mchana, wakati jua bado kali. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu huenda asitoke jasho chini ya jeraha, hivyo mwili wake hupata joto upesi. Mwenye ualbino huungua ngozi kwa muda mfupi, na kuungua huko kwa miaka mingi ndiko kunakoleta saratani ya ngozi. Wote wawili wanahitaji kivuli cha kweli pamoja na maji ya kunywa. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, na ajipake mafuta ya kukinga jua ya namba 30 au zaidi. Kwa kuwa wengi wao hawaoni mbali, kivuli chao kiwe mbele karibu na jukwaa. Kukiweka nyuma kabisa ni kuwaponya ngozi huku ukiwanyima maonyesho.

Anayekaa kitini saa nyingi bila kuhisi makalio yake yuko katika hatari ya vidonda vya mgandamizo. Damu haipiti mahali palipobanwa, nyama hufa polepole, na kidonda chaweza kuchukua miezi kupona. Ajiinue au ajiegemeze upande kila dakika 15 hadi 30, na mto wake asiuache nyumbani kwa ajili ya urembo. Mwenye matende apewe kiti na kigoda cha kuinulia mguu; mguu ukining'inia saa nne huvimba zaidi.

Kuhusu kifafa, ni wagonjwa wachache tu, wapatao 3 kati ya 100, ambao hushikwa kwa sababu ya taa zinazomweka haraka haraka. Hata hivyo, taa hizo zikitumika, tangazo litolewe mlangoni. Yanayowashika wengi zaidi ni kukosa dawa na kukosa usingizi, mambo mawili yaliyo rahisi kutokea kwenye ngoma za usiku kucha. Mtu akianguka kwa kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja. Kamati inapaswa kujua mapema kituo cha afya kilicho karibu, na ni nani mwenye gari la kukimbilia Hospitali ya Rufaa ya Msambweni.

Kelele nazo huwatesa baadhi ya watoto wenye usonji. Mtoto akiziba masikio na kulia, wazazi wasilaumiwe kwamba hawakumlea vyema. Tengeni kihema mbali na vipaza sauti, chenye mwanga hafifu na mkeka, ambapo atatulia kisha arudi.

Wasiosikia na wasioona

Wengi hudhani kiziwi hana haja na muziki. Sivyo. Mapigo ya ngoma kubwa hupenya kifuani na hupita kwenye sakafu ya mbao. Mketishe karibu na wapigaji, au mruhusu aguse ubao wa jukwaa, naye ataicheza sengenya kwa mapigo hayo.

Kwa maneno, anahitaji mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Mkalimani asimame kando ya jukwaa mahali penye mwanga usoni na mikononi, avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yake, na kwa shughuli ndefu wawe wawili wanaopokezana kila nusu saa, kwa sababu mikono na akili huchoka. Taa zikizimwa ili kuleta mandhari ya mchezo, taa ya mkalimani isizimwe. Mji wa Kwale una Shule ya Viziwi. Kamati inaweza kuanza kwa kuuliza huko.

Asiyeona huutambua uwanja kwa sauti, na vipaza sauti humfunika masikio hayo. Anayempokea ajitaje jina, amwachie amshike kiwiko, na atangulie nusu hatua. Usimvute kwa fimbo yake. Mwambie: "Kuna kidato kushoto," "Tunaingia penye mchanga." Kwenye maonyesho ya sanaa, vinyago, vikapu, vyungu na ngoma vinaweza kuguswa, basi pangeni saa moja ya kugusa huku msanii akieleza. Mshereheshaji naye aseme kinachoonekana: wachezaji wameingia wangapi, wamevaa nini, wanafanya nini.

Hapa niongeze neno kuhusu wazee. Mzee anayejikwaa kila jioni huenda ana mtoto wa jicho, ugonjwa ambao aghalabu hutibika kwa upasuaji mfupi. Apelekwe kupimwa, kwa mfano katika kituo cha macho cha Kwale ambacho kimewahudumia wakazi tangu miaka ya 1990. Wengine mnaowaonea huruma kwa upofu hawakupaswa kuwa vipofu.

Safari ya kufika

Uwanja mzuri hauna maana ikiwa mgeni hafiki. Kuvuka feri ya Likoni katikati ya msongamano ni mtihani kwa mwenye mikongojo, hivyo wageni kutoka Mombasa waelezwe saa zenye nafuu, au wapite barabara ya Dongo Kundu wakiwa na gari. Kutoka Ukunda hadi ufuoni, tuktuk ni rahisi kupanda kuliko matatu kwa kuwa sakafu yake iko chini. Zungumzeni na madereva mapema, tena hakikisheni usafiri wa kurudi usiku upo. Tangazo la shughuli, liwe bango au la redio, liseme wazi: choo kipo, njia ya mbao ipo, mkalimani yupo. Mtu aliyefungiwa mlango mara tatu haji mara ya nne bila kuhakikishiwa.

Waulizeni wenyewe

Kosa la kamati nyingi ni kupanga kila kitu halafu kuwaalika wenye ulemavu kama wageni wa kuhurumiwa, wapigwe picha na mheshimiwa. Dawa ni kuwaweka ndani ya kamati tangu kikao cha kwanza. Mtu mmoja mwenye kiti cha magurudumu akizunguka uwanja wiki moja kabla, ataona kasoro ambazo mhandisi hataziona.

Tena wawe jukwaani. Si jambo geni pwani. Bombolulu, Mombasa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha APDK, kimejulikana kwa mafundi wenye ulemavu wa viungo waliotengeneza mapambo, nguo na kazi za ngozi, na kwa uwanja wa utamaduni uliowaonyesha wageni nyumba na ngoma za makabila ya Kenya. Hapo mwenye ulemavu alikuwa fundi na mwenye shughuli. Basi jukwaa lenu nalo liwe na mteremko, kwa sababu mpiga nzumari naye anaweza kuwa na mguu mmoja.

Ulimi pia uwe na adabu. Badala ya "kilema" au "taahira", sema mtu mwenye ulemavu, au mwite kwa jina lake. Zungumza naye mwenyewe, usimwulize msindikizaji wake, "Anakunywa chai?"

Ni haki yao

Haya yote si sadaka. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma, kupata usafiri na habari, na kutumia lugha ya ishara au breli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja katika kifungu cha 30 haki ya kushiriki utamaduni, sanaa na michezo.

Kwa ufupi, kabla ya shughuli yenu hakikisheni:

1. Mtu mwenye ulemavu yumo kamatini na ameukagua uwanja.
2. Choo kimoja angalau kina mlango mpana, vishikio, maji na taa.
3. Njia ya mbao yatoka barabarani hadi mbele ya jukwaa, na jukwaa lina mteremko.
4. Kuna kivuli, maji ya kunywa na viti vya kutosha, na mahali pa utulivu.
5. Mkalimani ana mwanga, na mshereheshaji anaeleza yanayoonekana.
6. Usafiri wa kwenda na kurudi umepangwa, na tangazo limeyataja haya yote.

Nawe msomaji usiye mwanakamati una kazi pia. Kabla ya kulipa kiingilio, uliza: "Je, choo cha mwenye kiti cha magurudumu kipo?" Wakiulizwa na watu kumi, mwaka ujao kitakuwapo. Na kama nyumbani kwako yuko mtu ambaye hajatoka tangu sikukuu iliyopita, mwulize leo kama angependa kwenda. Huenda anangoja kuulizwa tu.